Blenda au mashine ya kukamulia juisi? Nataka kuanza kula vyakula vibichi

MamaTumaini: Habari za jioni wanajamvi. Nina laki tatu, mwisho wa mwezi nanunua. Nimeamua kula vibichi kama mababu wa kale, kabla ya moto. Nichukue blenda ya nguvu au ile mashine ya kukamua juisi polepole?

Ngurumo: Dada, maelezo hayatoshi. Unaumwa? Una miaka mingapi? Unakula peke yako au na familia?

ShambaLetu: Blenda. Ile nyingine inatoa makapi, na nyuzinyuzi zimo humo humo. Mimi kila asubuhi nasaga parachichi, ndizi na mchicha.

MwanaEyasi: Mababu gani hao kabla ya moto? Pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, limekutwa na majivu ya miaka milioni 1. Nimepeleka wageni kwa Wahadzabe, wale wawindaji wa Ziwa Eyasi, miaka mingi. Matunda na ubuyu wanakula hivyo hivyo, ila nyama wanachoma. Hata mizizi wanaibabua dakika chache, wanamenya, wanatafuna, makapi wanatema.

ShambaLetu: Na Wamaasai na maziwa yao mabichi je?

BiKongwa: Hapo naomba niseme. 2019 nilikuwa nakunywa kwa jirani, yametoka kwenye kiwele sasa hivi, yana povu. Baadaye homa ikawa inakuja jioni, inaondoka alfajiri, shuka unaweza kulikamua jasho. Zahanati wakanitibu malaria mara mbili, taifodi mara moja. Kiuno kikakaza, hata ndoo nusu siinui. Hospitali ya tatu ndio wakapima wakaona brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kwa maziwa mabichi. Dawa wiki sita, bila kuruka siku. Sasa hivi maziwa yasipochemka yakafura, hayaingii kinywani mwangu wala mwa wanangu.

MamaTumaini: Pole sana dada. Nilisahau kusema, nanyonyesha. Mtoto ana miezi saba.

Ngurumo: Ndiyo maana niliuliza! Kuna utafiti wa Ujerumani wa 1999 kwa walaji wa vibichi. Karibu asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 hedhi ilivurugika au ilikatika kabisa. Usianze sasa, tafadhali.

ShambaLetu: Matunda hayajawahi kumdhuru mama.

MwanaEyasi: Matunda sawa. Kisamvu na maharage mabichi ni sumu, asije akavitia kwenye blenda.

BiKongwa: MwanaEyasi, ubuyu usiotiwa rangi wala sukari naupata wapi?

MwanaEyasi: Karatu sokoni, wa unga. Unataka kilo ngapi?