Uliwahi kumwomba Mungu ishara? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Naanza mwenyewe. 2014 nilikuwa na mchumba, moyo unaenda na kurudi. Nikamkumbuka Gideoni wa kwenye Biblia, aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo, nikaomba: Bwana, kama ndiye, simu iite kabla sijasema amina. Ikaita! Kupokea, ni mtu kakosea namba, anamtafuta fundi bomba. Wiki nzima nikawa nabishana na nafsi yangu kama fundi bomba naye anahesabika. (Tulioana, ila si kwa sababu ya bomba.) Leteni yenu, hata ya aibu.

Kijana wa Himo: Yangu ni Loliondo, 2011. Mama ana kisukari, akasikia Babu Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT (Walutheri), kaoteshwa dawa. Tukakodi gari na majirani, Mto wa Mbu, Engaruka, vumbi mpaka kwenye meno. Kabla ya kufika Samunge, kijijini kwa Babu, tukakutana na foleni, tukalala humo siku mbili. Kikombe cha mugariga, ndiyo hiyo dawa ya Babu, shilingi 500, unakunywa, unageuza gari. Mama alilia kwa furaha njia nzima.

Nyumbani akaacha vidonge. Hakuna aliyemwambia aache, niseme ukweli. Yeye aliona kumeza kidonge ni kumwambia Mungu "sikuamini". Mwezi wa tatu tangu aache, kidonda mguuni. Lakini kilichoniuma zaidi ni kumwona kitandani akitafuta alipokosea katika imani. Alifika hadi kwenye ile 500, akajiuliza kama aliitoa kwa kunung'unika. Alirudia vidonge, yupo, na habari za Loliondo hazizungumzwi kwetu.

Fundi Redio: Pole sana mkuu. Mimi muujiza sina, nina utapeli wangu mwenyewe. Chuoni, maombi ya Ijumaa, wote wananena kwa lugha, yaani maneno yasiyoeleweka yanayosemwa ni ya Roho, isipokuwa mimi. Kiongozi akasema asiyenena hajajazwa Roho. Wiki ya nne ya kuwekewa mikono shingo inauma, nikaanza kumwaga Kinyaturu cha bibi yangu, haraka haraka. Haleluya zikapigwa! Mwaka mzima nikaitwa mtumishi. Hadi akaja mgeni mmoja, baada ya ibada akanivuta pembeni: "Ndugu yangu, mbona unamwomba Mungu chumvi na kuni?" Ndipo nikasoma 1 Wakorintho 12 hadi mwisho. Kumbe Paulo mwenyewe anauliza kama wote wananena kwa lugha.

Dada wa Kwaya: Mimi nilipona. Uvimbe, nikaombewa, kipimo cha pili hakikuona kitu. Daktari akasema wakati mwingine hutokea. Sibishani na mtu. Ila kila nikitoa ushuhuda, kuna mama ananifuata nje kuniuliza niliomba vipi, mwanawe yuko wodini. Nimwambie nini? Siku hizi siutoi.

Mzee wa Kanisa: Mathayo 12:39. Kizazi kibaya ndicho hutafuta ishara. Mada ifungwe.

Mleta mada: Mzee wangu, shikamoo. Tomaso alipotilia shaka kwamba Yesu kafufuka, aliambiwa atie kidole kwenye majeraha, hakufukuzwa. Tuvumilie kidogo. Fundi, huyo mgeni wa chumvi na kuni alikuumbua?

Fundi Redio: Hakumwambia mtu. Ndiye aliyenisimamia ndoa.