PJT-MMMAM, ile programu ya taifa ya malezi ya watoto wadogo, imeishia kwenye semina na fulana, watoto wetu wa awali nani anawaangalia? TAMISEMI njooni hapa

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Mwanangu yuko darasa la awali, shule ya msingi ya serikali (jina silitaji). Muhula mzima naambiwa mtoto mkaidi, akiitwa haitiki, kazi kukaa nyuma na kuchorachora. Likizo nikampeleka hospitali, daktari akachungulia sikio: usaha wa siku nyingi, upande mmoja hasikii vizuri. Mkaidi! Mwalimu simlaumu sana, maana chumba kile kina watoto zaidi ya mia na yuko peke yake, wakati kiwango cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Atajuaje nani hasikii na nani anasinzia kwa njaa?

Nawalaumu walioahidi. Desemba 2021 ilizinduliwa pale Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (ndiyo hiyo PJT-MMMAM, jina peke yake linakata pumzi), ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Mtoto tangu mimba hadi miaka minane apate afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio (yaani mlezi anamsikiliza na kumjibu mtoto) na ulinzi, vyote kwa pamoja. Sasa nioneshe huo mtaa ambako mtoto anavipata kwa pamoja. Huku kwetu tunaona mabango tu.

Angalieni inavyokuwa. Ukishajifungua, kliniki wanakuhangaikia kweli, hapo sina neno. Unapewa kadi, mtoto anapimwa uzito, anachanjwa. Akipigwa ile ya pili ya surua-rubela akiwa na mwaka na nusu, basi, akina mama wengi hawarudi tena na hakuna wa kuwauliza, ingawa kupima ukuaji kunatakiwa kuendelee mpaka miaka mitano. Tunakutana tena Juni na Desemba kwenye matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Shule nayo inampokea akiwa na miaka mitano. Katikati hapo ni wa nani? Ni wa dada wa kazi, wa bibi, au wa dei kea ya uchochoroni: chumba kimoja, katuni asubuhi mpaka jioni, na cheti cha ustawi wa jamii hakijawahi kuonekana ukutani. Mama anayeuza mboga sokoni atachagua nini kingine?

Na hiyo ndiyo miaka ya kudumaa. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu, mkoa unaolisha wengine! Kumbe shida si mahindi tu, ni nani anamfuatilia mtoto na kumwambia mama ampe nini zaidi ya ugali.

Msiniambie habari za wizara tatu tofauti. Shule ni ya halmashauri, zahanati ni ya halmashauri, afisa ustawi na afisa lishe ni wa halmashauri, mkurugenzi wao mmoja, na wakipokea mgeni wa kitaifa wanasimama mstari mmoja. Zahanati yetu na shule vinatazamana, katikati kuna barabara ya vumbi. Sijawahi kusikia muuguzi kaivuka kuja kuwaona hawa watoto, wala mwalimu kaandika kakaratasi kumpeleka mtoto kule.

Elimu haina ada tangu 2016, sawa. Ila uji una mchango, na ambaye kwao hawajatoa anakaa pembeni akiangalia wenzake wanakunywa. Mtoto wa miaka mitano huyo! Mwongozo wa chakula shuleni umemwachia mzazi mzigo.

Najua watakuja wa "tafuta hela umpeleke English medium". Kaka, huko nako mtoto wa miaka mitatu anafanyiwa usaili na kupewa homuweki, na masikio hayapimwi vilevile.

Sidai majengo. Mara moja kwa muhula muuguzi avuke barabara, apime macho, masikio, uzito na urefu, aandike kwenye kadi ileile ya kliniki, mzazi aitwe aambiwe. Afisa ustawi azungukie hizo dei kea, si kwa kufunga funga, awaelekeze wale akina dada. Mtoto wa mama asiye na mchango anywe uji.

Mkurugenzi au afisa yeyote uliyemo humu, tuambie kinachozuia ni nini. Na kabla hujaandika "changamoto ya bajeti", anza na ile shilingi 1,000 ambayo mkataba wa lishe, ule wanaosaini viongozi wa mikoa na serikali, unaitaka kila halmashauri itenge kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ya kwenu mwaka huu imetoka? Imenunua nini?