Ukishajua Joker alikotoka, je, bado anatisha?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mwezi huu nimetazama upya, pamoja na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, filamu tatu zenye Joker, adui mkuu wa Batman: Batman ya mwaka 1989 iliyoongozwa na Tim Burton, The Dark Knight ya Christopher Nolan ya mwaka 2008, na Joker ya Todd Phillips ya mwaka 2019. Mpwa wangu anashikilia kwamba Joaquin Phoenix, Joker wa 2019, amewaacha mbali Jack Nicholson wa 1989 na Heath Ledger wa 2008, kwa kuwa yeye pekee ndiye aliyetufanya tuelewe jinsi mtu anavyofikia kujipaka uso rangi na kuua. Mimi naona kasoro palepale anapoona sifa. Kila nilivyozidi kumfahamu Arthur Fleck, ambaye ndiye Joker wa Phoenix, mama yake mgonjwa, na vikao vyake vya ushauri vilivyositishwa kwa kukosa fedha, ndivyo woga ulivyonitoka na huruma ikachukua nafasi yake. Je, adui unayemhurumia namna hiyo bado ni adui? Naomba hoja zenu, na tafadhali tusihesabiane tuzo, maana Ledger na Phoenix wote wawili walipata Oscar kwa mhusika huyuhuyu.

Mchangiaji wa kwanza

Naungana nawe, ila ningeanza kumlaumu Burton kabla ya Phillips. Joker wake ana jina, Jack Napier, ana kazi ya ujambazi, na ana ajali inayoeleza kila kitu, yaani kutumbukia katika pipa la kemikali kiwandani. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, filamu inamfanya kuwa ndiye aliyewaua wazazi wa Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, jambo ambalo ni la filamu hiyo na si la vitabu vya katuni vilivyoitangulia. Matokeo yake kila deni lina mdai wake na kisasi kinafungwa kama hesabu za duka. Nicholson anafurahisha mno, hasa pale anapoingia kwenye jumba la makumbusho na genge lake wakichafua michoro huku muziki wa Prince ukipigwa, lakini sikumbuki kama niliwahi kumwogopa.

Nolan alifanya kinyume kabisa. Joker wa Ledger anamsimulia jambazi mmoja kwamba makovu ya mdomoni alichanjwa kwa kisu na baba yake mlevi. Baadaye anamsimulia Rachel, rafiki wa Batman, kwamba alijichana mwenyewe kwa ajili ya mke wake. Na mwishoni, anapotaka kumwanzia Batman hadithi nyingine, anakatizwa. Polisi wanapomkamata hawapati rekodi ya alama zake za vidole, nguo zake hazina lebo, na mifukoni hana kitu ila visu na vumbi la nguo. Mtazamaji anakosa pa kushika. Huwezi kusema "laiti angepata malezi mema", kwa kuwa hujui alilelewa wapi wala na nani. Wapo wanaodai kwamba sifa za Ledger zilikuzwa na kifo chake cha Januari 2008, miezi michache kabla filamu haijatoka. Nawaomba watazame tena jinsi anavyolamba midomo kila anapozungumza, waone kama huo ni mchezo wa huruma za msiba.

Mchangiaji wa pili

Kwa heshima zote, nadhani nyote wawili mmeichukulia filamu ya 2019 kuwa maelezo, ilhali yenyewe inatuonya tusiiamini. Mapenzi ya Arthur na jirani yake Sophie, ambayo tuliyafuatilia kwa dhati, yanakuja kugundulika kuwa yalikuwa kichwani mwake tu. Tukishadanganywa hapo, tuna uhakika gani na mengine?

Kuhusu woga, mkumbuke tukio la nyumbani kwa Arthur, baada ya kumuua Randall, mwenzake wa zamani kazini, kwa mkasi. Gary, aliyekuja na Randall na ambaye ni mfupi sana, anaruhusiwa kuondoka salama, lakini mkono wake haufikii mnyororo wa mlango, hivyo inambidi amwombe muuaji mwenyewe amfungulie. Ukumbini tulicheka, kisha tukaona haya kwa kucheka, kisha tukaogopa, yote hayo ndani ya dakika moja. Huruma haikufukuza woga. Ilitusogeza karibu na mtu mwenye mkasi. Ninalokubali ni kwamba filamu haina steringi: Bruce bado ni mtoto mdogo, na Joker asiye na Batman wa kumkera ni nusu ya Joker.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ningependekeza kipimo kingine, nacho ni kicheko, kwa sababu mhusika huyu alizaliwa katika tabasamu. Alipochorwa mara ya kwanza mwaka 1940, sura yake ilichotwa kwa Conrad Veidt, aliyeigiza mtu mwenye mdomo uliokatwa ukabaki kama unacheka daima katika filamu ya mwaka 1928. Cesar Romero, Joker wa Batman ya mwaka 1966, anacheka kama mtoto mtundu, na masharubu aliyokataa kuyanyoa yanaonekana chini ya rangi nyeupe. Nicholson anacheka kwa kuwa amejipendeza mwenyewe. Ledger hacheki sana, na akicheka huwa ni yeye anayepigwa, kama pale Batman anapomtwanga katika chumba cha mahojiano. Phoenix hacheki kabisa kwa maana ya kufurahi. Kicheko kinamkaba kama kikohozi, naye hubeba kadi ya kuwaeleza watu kwamba ni ugonjwa. Jared Leto, Joker wa Suicide Squad ya mwaka 2016, nampita, kwani michoro ya mwilini na meno ya fedha vilimzidi nguvu. Msiyemtaja ni Mark Hamill, aliyempa sauti katika katuni za televisheni tangu mwaka 1992. Huyo anaweza kuanza kicheko kwa utani na kukimalizia kwa tishio bila kuvuta pumzi. Mleta mada, geuza kiti usitazame kioo cha televisheni, usikilize tu.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Tukio la mnyororo wa mlango nilikuwa nimelisahau, na nakiri kwamba linaitikisa hoja yangu. Jaribio la kiti nalo tumelifanya jana usiku. Kwa Nicholson mpwa wangu alicheka pamoja naye. Kwa Phoenix aliniomba nipunguze sauti. Tulipofika kwa Ledger katika chumba cha mahojiano, ni mimi niliyegeuza kiti kwanza, kwa sababu nilitaka kujua alikuwa amesimama wapi.