Mrejesho: jamu ya mapera imeshika
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaeleza kwamba jamu yangu ya mapera ilibaki majimaji kama sharubati na sufuria ikaungua chini. Mama mmoja alinijibu kwamba mapera yalikuwa yameiva mno, kwani pektini, ambayo ndiyo huigandisha jamu, hupungua tunda linapoiva kupita kiasi; akanishauri nichanganye na yaliyo magumu bado, kisha nikamulie ndimu.

Jumamosi nilipika kilo 2 za mapera, robo yake yakiwa magumu, na baada ya kuchuja mbegu nikatia sukari kilo 1 na nusu pamoja na ndimu 3. Kwa kuwa hapa Bukavu tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, sikutegemea kipimajoto: nilidondosha tone kwenye sahani baridi, nikalisukuma kwa kidole, likakunjamana. Makala niliyapunguza kwenye mbabula (jiko la makaa), nikakoroga bila kuondoka.

Nimepata chupa 5, na imeshika vizuri mno! Sufuria niliiloweka kwa maji moto usiku kucha, nikaisugua kwa majivu. Limebaki doa moja tu. Mama, aksanti sana.