Mkaa mita moja chini ya shamba: naweza kujua msitu uliungua lini?

MwenyeKitalu
Wakuu, habari za jioni. Nina kitalu cha miche huku Kilema juu, mlima Kilimanjaro, karibu na msitu wa nusu maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na mashamba. Wiki iliyopita tulikuwa tunachimba shimo la choo. Udongo wa juu ulikuwa mweusi kama kawaida yetu, halafu ukageuka wa kahawia. Tulipofika kama sentimita 90 fundi akatoa beleshi lina vipande vyeusi. Nikadhani ni vijiwe vya volkano, lakini nilipobana kimoja kwa kucha kilivunjika "ka!" kikaniachia weusi kidoleni. Ni mkaa. Tukaendelea kuchimba, na kwenye sentimita 140 hivi ukatokea tena. Katikati hapakuwa na kitu.

Babu alikuwa akisema mlima wetu una mawingu kila siku, msitu wa upande huu hauungui. Sasa mkaa umefikaje huko chini? Kuna namna ya kujua moto uliwaka lini, na kama ni watu walichoma au ni radi? Fundi anataka kumaliza Jumatatu. Nimemwomba asubiri.

Mgombani
Mkuu, huko watu wamekaa miaka na miaka. Hapo palikuwa jiko la mtu au tanuu la mkaa, likafukiwa. Maliza choo chako.

MgumuWaZamani
Kijana wangu, umefanya jambo la maana sana kumsimamisha fundi. Mimi nilikuwa mgumu, nimebeba mizigo ya wageni njia ya Marangu miaka kumi na moja, kisha nikachukuliwa na watafiti wa udongo kuwachimbia mashimo. Walianza kwa kunilipa nichimbe, wakaishia kunifundisha kuusoma ukuta wa shimo. Sijawahi kufanya kazi niliyoipenda kama ile, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Hakikisha kwanza kuwa ni mkaa kweli. Mzizi uliooza nao huwa mweusi, ila ukiusugua kwenye karatasi nyeupe unaacha rangi ya kahawia na kuchambuka nyuzinyuzi. Mkaa unachora mstari mweusi, na pale ulipovunjika unang'aa kama mgongo wa mbawakawa. Ukiushika juani na kioo cha kukuzia utaona vitundu vimepangika. Ndiyo mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mti ukiwa hai. Moto ukikosa hewa ya kutosha hauuli mti wote, unaacha kaboni ambayo bakteria na kuvu wanaishindwa, na umbo la ndani linabaki vilevile. Kwa hiyo mtu wa hadubini anaweza kukuambia huu ni mkaa wa mwerika, ule ni wa mkulo, miti ya msitu wa mlimani, hata kama mahali hapo leo ni migomba mitupu.

Sasa swali la lini. Umri wa mkaa hupimwa kwa kaboni 14. Mti ukiwa hai unaivuta kutoka hewani. Ukishakufa, inapungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Siku hizi miligramu chache zinatosha, na kipimo kinarudi nyuma hadi kama miaka 50,000. Lakini shika hili, maana nimeona hata wasomi wakiteleza hapa: maabara inakuambia sehemu ile ya mti iliota lini, haikuambii moto uliwaka lini. Mti mkubwa unaishi karne kadhaa, na moyo wake uliacha kuvuta kaboni zamani wakati gome bado linakua. Ukipeleka kipande cha moyo, moto wako utaonekana mkongwe kuliko ulivyo. Ndiyo maana tulikuwa tunatafuta vijiti vyembamba kama kalamu, au gome, au mbegu iliyoungua.

Na usiuamini ukuta wa shimo haraka. Msimu wangu wa kwanza nilichomoa vipande viwili kwa mkono wangu, kimoja juu, kingine karibu mita chini yake. Majibu yalipokuja, cha chini kilikuwa kichanga kuliko cha juu. Nilidhani nimechanganya mifuko, sikulala usiku ule. Tulirudi shimoni, tukaukwangua ukuta taratibu kwa mwiko wa fundi, na hapo ndipo doa likajitokeza: duara la udongo laini, jeusi kidogo kuliko jirani zake, upana wa ngumi. Njia ya fuko. Mnyama alichimba, udongo wa juu ukaporomokea humo pamoja na mkaa wake. Mchwa na minyoo nao wanafanya hivyo kila siku, kidogo kidogo.

Mgombani, hoja yako ni ya kweli na lazima ichunguzwe, sio kupuuzwa. Jiko huacha mkaa mahali pamoja, udongo uliookwa mwekundu, mawe matatu, vigae. Tanuu huacha rundo. Ukikuta mavi ya chuma ujue ni mhunzi. Moto wa msitu unatawanya, chembe moja hapa, nyingine pale, na ukichimba shimo jingine mbali kidogo unazikuta kwenye kina kilekile. Tena kuna mzizi ulioungulia ardhini. Huo unashuka kimshazari kama bomba jeusi, udongo wa pembeni umekuwa mwekundu, na unaweza kufika kina kirefu bila kuwa wa kale hata kidogo.

Kijana wangu, nijibu: vipande vyako vimekaa mstari wa ulalo, au vinashuka?

MwenyeKitalu
Shikamoo mzee. Nimeshuka leo asubuhi na tochi. Vile vya sentimita 90 vimekaa ulalo, nimevifuata kuta tatu za shimo, vinafuata mteremko wa shamba. Hakuna kigae, hakuna jiwe lililopangwa. Vya chini viko ukuta mmoja tu, na kweli vinashuka kwa pembe. Udongo wake ni mwekundu kama tofali.

MgumuWaZamani
Marahaba. Basi vya chini uviweke pembeni, huo ni mzizi. Huenda ni moto uleule wa juu ulioshuka nao. Umekuja na moto mmoja badala ya miwili, na hiyo ni hatua kubwa, usiione ndogo.

Binti wa Rombo
Mzee, shikamoo. Na suala la babu yake je? Si tunaambiwa moto umeletwa na warina asali na watalii?

MgumuWaZamani
Marahaba, binti yangu. Babu hakukosea kuhusu mawingu. Msitu wa chini una unyevu mwingi, moto unaingia kwa shida. Kwenye mierika, kule juu unakokutana na majani membamba kama sindano, ndiko kunakowaka. Mwaka 2020, Oktoba, moto ulianzia Whona, pale wageni wanapopumzika kati ya vibanda vya Mandara na Horombo, ukala takribani kilomita za mraba 95. Nilisimama barazani kwangu usiku nikauona, nikalia. Andreas Hemp, aliyeusoma mlima huu miaka mingi, aliandika kwamba moto ulimaliza kilomita za mraba 150 za msitu wa mawingu katika miongo mitatu. Ile miti ndiyo inayokamua ukungu kuwa maji ya mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia mashamba.

Lakini moto wenyewe ni wa kale mno. Karibu na Mandara kuna kreta ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, wageni hupelekwa pale kuzoea hewa. Chini yake matope yamejilaza tabaka juu ya tabaka, na watafiti walitoboa wakatoa mkanda mrefu wa matope wenye kumbukumbu ya kama miaka 90,000. Ndani yake kuna chavua na chembe za mkaa, kwa hiyo unasoma pamoja mimea iliyokuwepo na moto uliopita. Matope ya kreta hayana fuko wa kuyavuruga, hilo ndilo zuri lake. Ila upepo unaleta chembe kutoka mbali, kwa hiyo hayakuambii moto ulikuwa shamba gani. Udongo wa MwenyeKitalu ni kinyume chake: umevurugika, lakini kipande cha ukubwa wa punje ya hindi hakiruki mbali. Palipo na hicho, paliungua palepale au mteremko kidogo juu yake.

Kuhusu radi au mtu, mkaa peke yake hausemi. Anayesema ni radi kwa kutazama kipande, au anayesema ni mkulima, anabuni.

MwenyeKitalu
Mzee, nimechimba kishimo kingine hatua kumi na tano upande wa kitalu. Sentimita 84, mkaa upo. Mdogo zaidi, lakini upo. Nifanye nini kabla ya Jumatatu?

MgumuWaZamani
Nimefurahi kuliko unavyodhani. Pima kwa tepu kutoka usoni mwa ardhi, andika. Piga picha na tepu ikiwa imeegemea ukuta. Chomoa vipande kwa ncha ya kisu, usivishike kwa vidole, funga kila kimoja kwenye karatasi ya alumini, andika shimo, ukuta na kina. Usivichanganye hata kama vinafanana. Usivioshe. Chukua na kopo la udongo wa pale pale, atakayeuchekecha ataona chembe usizoziona. Kipimo cha kaboni ni ghali kwa mfuko wa mtu mmoja, lakini kipande kilichoandikwa vizuri kinaweza kukaa kabatini miaka ishirini bila kuharibika, na mwanafunzi wa udongo akija utakuwa na cha kumpa.

Choo fundi amalize, ila akuachie ukuta wa upande wa juu siku mbili tu, uufunike kwa turubai. Mvua ikiupiga usiku mmoja, mstari wa mkaa unachuruzika na hutauona tena. Mimi nitapanda daladala Jumapili baada ya ibada. Nitakuja na mwiko wangu.