Grini kadi ya Marekani: PERM ya kampuni, NIW au EB-1A? Natakiwa kujibu ndani ya wiki mbili

Mpwa_wa_Ujiji: Heshima kwenu wakuu. Niko Marekani kwa H-1B (viza ya kazi), kazi yangu takwimu za afya. Kampuni iko tayari kunianzishia PERM, kile kibali cha wizara ya kazi ili mwajiri akuombee grini kadi (ukaazi wa kudumu), ila nisaini kukaa nao miaka mitatu. Wakili mmoja ananiambia nijiombee mwenyewe kwa NIW (kusamehewa mwajiri kwa maslahi ya taifa), mwingine EB-1A (ya wenye uwezo wa kipekee). Mngekuwa nyie?

Chausiku77: Kaka, umeuliza bei ya nguo bila kutaja saizi. PhD unayo? Makala ngapi? H-1B mwaka wa ngapi? Umezaliwa wapi?

Mzee_wa_Dallas: NIW, usisumbuke. Mimi niliipata hivyo. Huhitaji mwajiri wala tangazo la kazi. Tangu uamuzi wa kesi ya Dhanasar wa 2016 uhamiaji wanatazama matatu: kazi ina uzito kwa taifa lao, wewe unaweza kuisogeza, na wao wanafaidika wakikusamehe masharti ya mwajiri. Takwimu za afya zinaingia humo bila kusukumwa.

Bitozi_wa_Kodi: Mzee, enzi zako hizo. EB-1A! Vigezo 3 kati ya 10, na ukilipia huduma ya haraka majibu siku 15 za kazi. NIW ni 45.

Chausiku77: Hivyo 3 ni kizingiti tu. Ukishavuka wanakupima upya kwa jumla, kama kweli uko kati ya wachache wa juu. Cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi usipeleke.

Nyakato: PERM mniulize mimi. Kwanza tulisubiri miezi wizara ya kazi ipange mshahara wa nafasi. Kisha matangazo, mawili ya gazeti la Jumapili, utadhani kuna mtu anatafuta kazi ya kompyuta kwenye gazeti. Zimebaki wiki mbili wawasilishe, kampuni ikapunguza watu idara yetu. Sikuguswa, nikashukuru Mungu. Kumbe wakipunguza watu wa kazi ileile, kwa miezi 6 lazima hao wafikiriwe kwanza. Wakili wao akasimamisha kila kitu. Miezi 6 haijaisha vizuri, nikapunguzwa mimi. Siku 60 za kutafuta kazi nyingine, na mimba ya miezi saba. Na kwa kuwa PERM haikuwahi kuwasilishwa, hata tarehe ya foleni ya grini kadi sikuwa nayo. Mwaka na nusu, patupu.

Mzee_wa_Dallas: Si ndiyo nasema NIW!

Sheria_Kijiweni: Hiyo ya miaka mitatu soma vizuri, wasije wakataka uwarudishie gharama ukiondoka. Gharama za PERM kisheria ni za mwajiri, hadi wakili wake.

Mpwa_wa_Ujiji: Samahani, nilikuwa kazini. PhD ninayo, makala 6, H-1B mwaka wa nne. Pasipoti ya Tanzania. Nilizaliwa Pune, India, mzee wangu alikuwa anasoma huko, tukaondoka nina miaka miwili. Kihindi sijui hata neno.

Chausiku77: Ndiyo unasema sasa hivi! Foleni haitazami pasipoti, inatazama ulikozaliwa. Kwa kawaida hakuna nchi inayopewa zaidi ya asilimia 7 ya grini kadi za mwaka, na foleni ya India kwenye EB-2, kundi la wenye shahada za juu, ni zaidi ya miaka kumi. NIW na PERM yako zote zinaangukia humo. EB-1, kundi la hiyo EB-1A, kwa India ina foleni pia, ila fupi zaidi.

Bitozi_wa_Kodi: Nilisema mimi.

Mzee_wa_Dallas: Aliyezaliwa kwenye ndege je?

Sheria_Kijiweni: Mzee, tulia. Mpwa, kama wazazi wako hawakuzaliwa huko wala hawakuwa na makazi huko, unaweza kuhesabiwa kwa nchi yao. Kwa aliyekuwa mwanafunzi, kama mzee wako, hilo la makazi lina ubishi. Njia nyepesi ni kuhesabiwa kwa nchi aliyozaliwa mke. Kazaliwa wapi?

Mpwa_wa_Ujiji: Ni mchumba. Moshi. Harusi Desemba, kamati imeshaanza vikao.

Bitozi_wa_Kodi: Fungeni mahakamani wiki ijayo, Desemba iwe sherehe tu.

Nyakato: Umewahi kukaa na wajomba wa Kibosho wewe? Mahari haijaisha, useme umeshafunga bomani?

Chausiku77: Si lazima wiki ijayo, mradi wafunge kabla ya I-485, ile fomu ya mwisho ya kuomba grini kadi. NIW aipeleke sasa, tarehe ya foleni ianze. Na hakuna anayemkataza kuwa na PERM pembeni.

Mpwa_wa_Ujiji: Kwa hiyo nisaini au nisisaini?

Nyakato: Mahari imebaki kiasi gani?