Kwa nini keneli haitupi muamala wa kweli kwenye mafaili kama databesi inavyofanya?

bitimoja:
Wakuu habari zenu. Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, naomba tulijadili. Nina programu inapokea picha za watumiaji, inaandika picha kwenye foda kama faili, afu inaweka rekodi kwenye databesi ya PostgreSQL yenye jina la hiyo faili. Juzi umeme ulikata ghafla. Mashine ilivyowaka nikakuta rekodi 41 zipo, zimekomitiwa vizuri kabisa, ila mafaili yake yote yana ukubwa wa baiti 0. Jina lipo, ndani hamna kitu!

Sasa swali langu ni hili: databesi naiambia BEGIN, nafanya mambo yangu, nasema COMMIT, ama yote yanakuwepo ama hakuna hata moja. Kwa nini mfumo endeshi wenyewe usitupe kitu hicho hicho, yaani nafungua muamala, naandika faili, naweka rekodi, nafunga, na keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndo inabeba jukumu? Kuna waliojaribu? Na kwa sasa nifanyeje, maana zile picha ni za watu na hazirudi tena, inaniuma kwa kweli.

mzee_wa_logi:
Pole sana mkuu. Swali lako zuri na ni la siku nyingi. Mwaka 1981 Michael Stonebraker, yule wa databesi ya INGRES, aliandika makala akieleza kwamba huduma nyingi za mfumo endeshi haziwafai watu wa databesi. Chukua kashe tu, yaani kurasa za data zinazowekwa kwenye kumbukumbu ili diski isisomwe kila mara. Keneli ikikosa nafasi inatoa ukurasa uliokaa muda mrefu bila kuguswa, wakati databesi ikiwa inapitia jedwali zima inajua fika kwamba ukurasa iliousoma sasa hivi hauhitaji tena, ungetolewa huo. Kubwa zaidi ni nani anatangulia kufika diskini. Ili muamala uwe salama lazima logi, yaani daftari la mabadiliko, ifike kwanza, ukurasa wa data ufuate, na keneli yenyewe inaandika kwa mpangilio inaouona unafaa, haijui ipi ni logi na ipi ni data. Ndo maana databesi zikajijengea kila kitu zenyewe, bafa zake, logi zake, kufuli zake.

Waliojaribu wapo. IBM walikuwa na QuickSilver miaka ya 80, miamala ilikuwa kwenye kiini cha mfumo kabisa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walionyesha TxOS, ni Linux iliyobadilishwa, programu inaita sys_xbegin, inafanya kazi, inaita sys_xend, ikiharibika katikati mabadiliko yote yanafutika. Na Windows tangu Vista ina TxF, unaweza kufungua faili ndani ya muamala na ukairudisha nyuma. Ila nenda kasome nyaraka za Microsoft wenyewe leo, wanawashauri sana watengenezaji watumie njia nyingine, maana ni ngumu kutumia na waliojitokeza kuitumia ni wachache.

Ugumu uko wapi? Fikiria programu mbili zinagusa faili moja, moja iko ndani ya muamala, nyingine haijui hata kama miamala ipo. Nani amsubiri mwenzake? Programu ikifungua muamala ikausahau wazi kwa masaa matatu, kumbukumbu na kufuli zote zile zinakaa kwa nani? Na kama katikati umeshatuma ujumbe kwenye mtandao, keneli itaurudishaje? Databesi inaweza kwa sababu kila anayegusa data anapitia mlango wake mmoja. Mfumo endeshi una milango mingi mno.

fsync_kwanza:
Mzee kaeleza vizuri, mi niende kwenye zile baiti 0. Bitimoja, kama uko kwenye ext4, ule mfumo wa mafaili wa Linux, basi hicho ndo nilichokitegemea. Watu wengi wanadhani jonali ya ext4, yaani daftari lake la mabadiliko, inalinda walichoandika, hapana, kwa hali ya kawaida kinachoingia kwenye jonali ni muundo tu, majina, foda, ukubwa na vitu kama hivyo. Afu ext4 inachelewesha kugawa nafasi diskini, unapoita write data inakaa kwenye kumbukumbu kwanza, jina linaweza kufika diskini na yaliyomo bado. Umeme ukikata hapo unabaki na jina tupu.

Mwaka 2009 kelele zilikuwa nyingi kuhusu hili wakaweka kinga, ukiandika faili ya muda kisha ukaiita rename, ile ya kubadili jina, juu ya faili la zamani, keneli inasukuma data kwanza. Lakini picha zako ni mafaili mapya, hakuna la zamani linalofunikwa, kwa hiyo kinga hiyo haikuhusu!

Fanya hivi. Andika picha kwa jina la muda, ita fsync kwenye faili, yaani iambie keneli isukume data hadi diskini, ita rename kulipa jina lake, afu ita fsync kwenye foda yenyewe, hiyo ya mwisho ndo watu wengi wanaisahau. Vyote vikikubali ndo unakomiti rekodi. Faili kwanza, rekodi baadaye, usigeuze. Umeme ukikata katikati utabaki na faili lisilo na rekodi, hilo halimdhuru mtu, unalifagia usiku. Rekodi isiyo na faili ndo msiba.

nusu_ukurasa:
Nakubaliana na wote ila tusimalize kana kwamba keneli haina deni hapa. fsync yenyewe iliwahi kutuangusha. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux diski ikishindwa kuandika, fsync inarudisha ero mara moja, afu keneli inauhesabu ule ukurasa kuwa safi, ukiita fsync tena inakwambia sawa wakati data haijafika popote. Sasa hivi PostgreSQL ikiona hiyo ero inajizima yenyewe na kujijenga upya kutoka kwenye logi, kujaribu tena haijaribu.

Halafu kuna kurasa kukatika. PostgreSQL inaandika kurasa za KB 8, keneli kwa kawaida inashughulika na za KB 4, umeme ukikata unaweza kupata nusu mpya nusu ya zamani. Kwa hofu hiyo, baada ya kila chekipointi, yaani pale databesi inapomaliza kusukuma kurasa zilizobadilika hadi diskini, ukurasa ukiguswa mara ya kwanza unanakiliwa mzima kwenye logi. InnoDB ya MySQL nayo yenye kurasa za KB 16 inaandika kila ukurasa mara mbili. Ni kazi nyingi mno kwa sababu tu chini hakuna anayekuahidi kwamba KB 8 zitafika zote au zisifike. Linux 6.11 ya mwaka 2024 imeanza kuruhusu maandishi ya namna hiyo kwenye diski zinazoweza. Mi naona hicho ndo cha kuidai keneli, muamala mzima hapana, ila ahadi ndogo za kweli: kipande hiki kitaingia chote, hiki kitatangulia kile, na kikishindikana niambie bila kunificha.

bitimoja:
Wakuu nashukuru sana. Nimeendesha programu chini ya strace, inayoonyesha kila kitu programu inachoiomba keneli, nikaona openat, write, write, close, basi, fsync hamna hata moja. Nimeongeza kama mlivyosema, nikajaribu kwenye mashine pepe kwa kuizima ghafla katikati ya kupakia, mara ishirini. Mafaili yatima yasiyo na rekodi yamebaki kadhaa, rekodi yenye faili tupu hakuna hata moja. Ila sasa mtu akipakia picha kumi kwa mpigo inachelewa, nifanyeje?

fsync_kwanza:
Umefanya vyema kuzima mashine nzima, kuua programu kwa kill -9 pekee hakuonyeshi kitu maana kashe ya keneli inabaki. Za kumi ziandike zote kwanza, fsync kila moja, rename zote, fsync ya foda mara moja tu, kisha COMMIT moja kwa zote kumi. Na fsync ikirudisha ero usiirudie kwenye faili hilo hilo, andika picha upya kwa jina jingine. Kama picha ni ndogo ndogo ziweke ndani ya PostgreSQL kwenye safu ya bytea, aina ya safu inayobeba baiti zenyewe, hapo picha na rekodi vinakuwa kwenye muamala mmoja kama ulivyotaka toka mwanzo.